KUGONGANA AU KUZUIWA?
Istilahi za mashindano ya vyombo vya angani vichezwavyo mezani

Maswali yanayoletwa kwa waundaji wa istilahi mara nyingi huhusu sheria, utabibu, uhasibu na ufundi. Ni nadra kuulizwa juu ya michezo ya mezani, na pengine wako wasomaji watakaoona kwamba jambo hilo halistahili kurasa za jarida hili. Sisi nasi tuliwaza hivyo mpaka mwaka 2019, tulipokuwa masomoni nchini Marekani, ambapo neno moja tulilolichagua kwa haraka lilimnyima mwenzetu ushindi uliokuwa karibu kumwangukia mkononi. Katika makala haya tutaeleza kwanza mchezo wenyewe, kisha kisa hicho, na mwisho tutatoa mapendekezo ya istilahi pamoja na sababu zake.

1. Mchezo wenyewe

Mchezo tunaouzungumzia huitwa X-Wing. Ulitolewa mwaka 2012 na kampuni ya Marekani iitwayo Fantasy Flight Games, na visa vyake vimetokana na filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 na nyingine zilizoifuata. Namna yake ya kusogeza vyombo ilitokana na mchezo wa Kiitalia wa ndege za vita, Wings of War, uliotolewa mwaka 2004. Toleo la pili la X-Wing lilitoka mwaka 2018, nalo ndilo tulilolicheza.

Uwanja wake ni mraba wenye futi 3 kila upande, yaani sentimita 91 hivi, uliotandikwa juu ya meza. Kila mchezaji huleta kikosi chake cha vyombo vidogo vya plastiki, ambavyo katika makala haya tutaviita vijombo. Kila kijombo kina thamani yake, na katika toleo hilo jumla ya kikosi haikuruhusiwa kuzidi pointi 200. Mwenye kupenda wengi dhaifu huchukua wengi dhaifu. Mwenye kupenda wachache hodari huchukua wachache hodari.

Kila mzunguko wa mchezo huanza kwa siri. Mchezaji huzungusha kisahani kilichoandikwa miendo ambayo kijombo chake kinaweza kuifuata, akachagua mmoja, kisha akakifunika kisahani hicho mezani. Wakiisha kufunika wote, visahani hufunuliwa kimoja kimoja, na kila kijombo husogezwa kwa kigezo cha plastiki kilichonyoka au kilichopinda. Hakuna nafasi ya kubadili nia. Ndipo hufuata mashambulizi, ambayo huamuliwa kwa dadu zenye pande nane. Dadu nyekundu ya mshambuliaji ina pande tatu za pigo la kawaida, moja ya pigo kubwa, mbili za makini na mbili tupu. Dadu ya kijani ya mlinzi ina pande tatu za kukwepa, mbili za makini na tatu tupu. Aliye karibu sana na adui yake huongezewa dadu moja ya kushambulia, na anayeshambuliwa kutoka mbali huongezewa moja ya kujilinda.

Mashindano tuliyoshiriki yalikuwa madogo, ya siku moja ya Jumamosi, katika chumba cha nyuma cha duka la michezo. Tulikuwa wachezaji 13, tukacheza duru nne za dakika 75 kila moja. Hakuna aliyetolewa kwa kushindwa, kwani ulifuatwa ule utaratibu wa Uswisi, uliotumiwa kwanza katika mashindano ya sataranji mjini Zurich mwaka 1895: katika kila duru, mchezaji hukutanishwa na mwenzake mwenye pointi sawa au zilizokaribiana na zake.

2. Kisa chenyewe

Mwenzetu aliyetajwa hapo juu ni mtu wa Mombasa, aliyekulia karibu na bandari. Hakuwahi kuucheza mchezo huu, nasi tukamfundisha kwa Kiswahili kwa muda wa majuma mawili, tukizitafsiri kanuni kadiri tulivyozisoma. Tulipofikia kanuni inayoeleza kijombo kinachomaliza mwendo wake juu ya kijombo kingine, tulisema tu kwamba "vimegongana", tukaendelea na kanuni nyingine.

Kanuni yenyewe katika toleo la mwaka 2018 ilisema hivi: kijombo cha namna hiyo hurudishwa nyuma juu ya kigezo mpaka kipate nafasi ya kukaa, kikiwa kinagusana na kile kilichokizuia. Hakiumii wala hakiumizi. Hupoteza tu nafasi yake ya kutenda jambo katika mzunguko ule, na vijombo viwili vya maadui vinavyogusana haviruhusiwi kushambuliana.

Katika duru ya mwisho mwenzetu alibakiwa na kijombo kimoja, na mpinzani wake alikuwa na viwili, kimoja kikiwa hoi, kimebakiza pigo moja tu. Angeweza kupita ubavuni mwake na kukishambulia kwa karibu, akiwa na dadu ya nyongeza. Badala yake alichagua mwendo wa kwenda mbele moja kwa moja, akakielekeza chombo chake kwenye kifua cha adui. Kijombo kikarudishwa nyuma, kikagusana na kile kilichokuwa hoi, na hakuna kilichovunjika. Shambulio likawa haliruhusiwi. Kijombo cha pili cha adui, kilichokuwa nyuma yake, kikammaliza.

"Ndugu yangu," alituambia tulipokuwa tukivikusanya vyombo, "jahazi ligonge jahazi, pasivunjike hata ubao mmoja? Wewe ndiwe mtu wa maneno, mbona hukunambia?"

Hatukuwa na jibu. Hakuwa amekosea kucheza. Alikuwa amelielewa neno letu sawasawa, kama alielewavyo kila Mswahili. Vitu vilivyogongana huumizana. Kosa lilikuwa la mfasiri.

3. Kulitafuta neno lifaalo

Tuliporejea kwenye meza ya kazi tuliyapima maneno manne. *Kugongana* tulilikataa kwa sababu iliyokwisha elezwa: linatia ndani madhara ambayo kanuni haikuyataja. *Kupandana* linaonyesha vizuri kitu kimoja kuwa juu ya kingine, lakini hutumika zaidi kwa wanyama, na mwalimu atakayelitumia mbele ya wanafunzi hatapata utulivu tena darasani. *Kuingiliana* lina dosari hiyo hiyo, na zaidi ya hapo linaashiria kitu kupenya ndani ya kingine. Tukabaki na *kuzuiwa*. Neno hili halielezi sura ya tukio bali matokeo yake: kijombo kilitaka kufika mahali, kikazuiwa. Mchezaji anayelisikia mara ya kwanza hatatazamia madhara, naye ataelewa kwa nini wachezaji hodari hukusudia kuwazuia wapinzani wao njia. Hali inayofuata, ya vijombo viwili kukaa ubavu kwa ubavu, tunapendekeza iitwe *kugusana*.

Funzo la kwanza ni kwamba neno la istilahi halipimwi kwa kulinganishwa na neno la lugha ya kigeni peke yake. Hupimwa kwa kumtazama mtu asiyeijua lugha hiyo ya kigeni atafanya nini akilisikia.

Kipimo hicho kilitusaidia katika neno jingine. Kila rubani katika mchezo huu ana tarakimu inayoamua zamu yake, na Kiingereza huiita kwa neno lenye maana ya kutangulia. Mfasiri mwenye haraka angeandika *utangulizi*. Lakini rubani mwenye tarakimu kubwa husogea baada ya wengine, ili apate kuona walipokwenda, kisha hushambulia kabla yao. Anatangulia katika jambo moja na kufuata katika jingine. Kwa hiyo tunapendekeza *daraja ya ustadi*, kwa kuwa faida zote mbili zinatokana na ustadi wa rubani: kungoja akaona, na kupiga kabla hajapigwa.

4. Hazina ya mabaharia na ya wachezaji wa bao

Si lazima kila istilahi iundwe upya. Pwani, neno *chombo* likitajwa peke yake humaanisha jahazi au mashua. *Rubani* alikuwa mjuzi wa kuingiza vyombo bandarini kabla hajawa mwendesha ndege. Kwa hiyo tunapoeleza mbele na nyuma ya kijombo, *omo* na *tezi* yapo tayari, nayo ni bora kuliko *mbele* na *nyuma*. Sababu ni kwamba mbele ya mchezaji aliyeketi si mbele ya kijombo chake. Tulishuhudia watu wakibishana juu ya jambo hilo kwa dakika kadhaa, na dakika ni mali katika duru ya dakika 75. Omo ya chombo haibadiliki, hata mtu aketi upande gani wa meza.

Bao nalo lina mengi ya kutufundisha. Mchezaji wa bao la Kiswahili anajua kwamba mwenye *mtaji*, yaani nafasi ya kula, hana hiari ya kuuacha. *Kutakata* ni kwa yule asiye na cha kula. Maneno mawili yanatosha kutenga lililo wajibu na lisilo wajibu, na hakuna anayehitaji kitabu. Kanuni za mchezo wetu wa vyombo, kinyume chake, zimejaa maneno ya ruhusa na ya amri, na hapo ndipo wafasiri wengi hujikwaa. Neno *anaweza* lina maana mbili: ana uwezo, na ana ruhusa. Tukiandika "mchezaji anaweza kurusha dadu tena", je, akiacha amevunja kanuni? Tunapendekeza *anaruhusiwa* au *akipenda* kwa hiari, na *ni lazima* kwa amri. Afisa anayeandika waraka wa mishahara au masharti ya zabuni atatambua mara moja kwamba shida hii si ya mezani tu. Tofauti ni kwamba mezani kosa hugunduliwa baada ya dakika tano, na ofisini huenda likagunduliwa baada ya miaka mitano, mahakamani.

Lugha ya viwanjani nayo ina mchango, ingawa yataka uangalifu. Kwa kuwa tulikuwa 13, katika kila duru mtu mmoja alikosa mpinzani, akapewa ushindi. Watangazaji wa kandanda wana msemo *ushindi wa mezani*, lakini katika mchezo ambao ushindi wote hupatikana mezani msemo huo unapoteza maana. Tuliona ni heri kuazima *kupita bila kupingwa*, maneno yaliyozoeleka katika uchaguzi.

5. Istilahi zinazopendekezwa

*Daraja ya ustadi*: tarakimu ya rubani inayoamua zamu yake ya kusogea na ya kushambulia.
*Duru*: kipindi kimoja cha mashindano, ambapo kila mchezaji hukutana na mpinzani mmoja.
*Kete*: kipande kidogo kinachowekwa karibu na kijombo kuonyesha hali yake, kwa mfano kete ya makini au kete ya msongo. (Neno *mkazo* limekwisha chukuliwa na wanaisimu.)
*Kigezo*: kipande cha plastiki chenye urefu na umbo la mwendo fulani.
*Kijombo*: chombo kidogo cha mfano, ni udogo wa *chombo*.
*Kisahani*: kifaa cha mviringo cha kuchagulia mwendo kwa siri.
*Kupita bila kupingwa*: kupewa ushindi wa duru kwa kukosa mpinzani.
*Kuzuiwa*: kushindwa kumaliza mwendo kwa sababu ya kijombo kingine.
*Masafa*: sehemu moja kati ya tatu za rula ya kupimia umbali wa shambulio, masafa ya kwanza ndiyo ya karibu. Neno hili limezoeleka katika habari za makombora ya masafa marefu.

6. Hitimisho

Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba mchezo wa X-Wing hautaendelezwa tena. Hata hivyo wachezaji hawakuacha. Wameendelea kukutana na kuandaa mashindano wao wenyewe, na kanuni zinapita kutoka kwa mchezaji hadi mchezaji. Kwa hali hiyo mchezo huo umekaribiana na bao letu, ambalo halikuwahi kuwa na kampuni ya kulilinda, likadumu kwa sababu maneno yake yalikuwa thabiti vinywani mwa wachezaji. Mchezo unaofundishwa kwa mdomo hauna ulinzi mwingine.

Mwenzetu wa Mombasa alikubali kucheza tena, kwa sharti kwamba safari hii tumsomee kanuni zote upya na yeye ayapime maneno yetu kabla hayajafika mezani. Tulikubali. Tangu hapo hatupitishi istilahi yoyote, iwe ya mchezo au ya hazina ya serikali, kabla ya kumsomea mtu atakayeitumia na kumwuliza angefanya nini. Tunawaomba walimu, wafasiri na maafisa wanaosoma makala haya watupime sisi vivyo hivyo. Mwenye neno bora kuliko tuliyoyataja na atuletee, pamoja na sentensi moja inayoonyesha linavyotumika.