Upangaji wa Dekoda za Vichwa vya Treni za Mfano: Namna Dekoda Inavyojibu na Sababu za Kushindwa Kusomwa

Makala haya yanafafanua upangaji wa dekoda za vichwa vya treni za mfano katika mfumo wa udhibiti wa kidijitali ulioasisiwa na kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na kufanywa kiwango cha pamoja na chama cha Marekani cha NMRA katika miaka ya 1990. Hoja yetu ni kwamba dekoda inaposhindwa kusomwa, mara nyingi kasoro haimo ndani yake, bali imo katika njia finyu inayoitumia kujibu.

Katika mfumo huu, reli hubeba umeme na ujumbe kwa pamoja. Kidhibiti kikuu hugeuzageuza mwelekeo wa volti, nayo dekoda hupima muda kati ya mageuzi: nusu ya biti ya moja huchukua maikrosekunde 58, ilhali nusu ya biti ya sifuri huchukua 100 au zaidi. Mpangilio huhifadhiwa katika vigezo vya usanidi, kila kimoja kikiwa na thamani kati ya 0 na 255. Kigezo 1 hubeba anwani fupi, ambayo kwa kawaida hutoka kiwandani ikiwa 3.

Anwani ndefu huhitaji hesabu. Tuchukue mfano wa Flying Scotsman, namba 4472. Tukigawanya kwa 256 tunapata 17, baki 120. Kigezo 17 huandikwa 209, yaani 192 kujumlisha 17, na kigezo 18 huandikwa 120. Hata hivyo, kichwa hakitatii anwani hiyo mpaka biti yenye thamani 32 iwashwe katika kigezo 29. Kilichokuwa 6 huwa 38. Hatua hii husahauliwa mno, kisha lawama huiangukia dekoda.

Tatizo la kusoma ni la aina nyingine. Dekoda iliyo kwenye reli ya kupangia haiwezi kuitaja thamani yake. Huulizwa biti moja baada ya nyingine. Jibu likiwa ndiyo, huongeza mkondo wa umeme kwa angalau miliampia 60 kwa muda wa takriban milisekunde 6, aghalabu kwa kuisukuma mota kidogo. Ndiyo maana kichwa huonekana kikishtuka kinaposomwa. Jibu likiwa hapana, hunyamaza.

Kwa hiyo, kimya kina maana mbili, na kidhibiti hakiwezi kuzitenganisha kwa kimya hicho pekee. Gurudumu chafu, waya wa mota uliochomoka, au kapasita kubwa ya dekoda ya sauti inayovuta umeme ili ijae, vyote huweza kuficha jibu. Pengine thamani imekwisha kuandikwa sawasawa, ila uthibitisho ndio haukuonekana. Inafaa kwanza kukipeleka kichwa kwenye reli kuu na kukiita kwa anwani mpya, kisha kwa 3.

Mafundi wengi hukimbilia kuandika 8 katika kigezo 8, amri ambayo kwa dekoda nyingi hurejesha mpangilio wa kiwandani. Dekoda iliyokuwa nzima hupoteza hapo jedwali lake la mwendo, vigezo 28 kuanzia 67 hadi 94, ambavyo huenda mwenyewe alivirekebisha kimoja kimoja bila kuviandika popote.