Ada Ikishafutwa, Nauli Nani Analipa?

Mwaka 2014 jimbo la Tennessee, chini ya Gavana Bill Haslam wa chama cha Republican, lilipitisha sheria iliyolifanya kuwa jimbo la kwanza Marekani kuwaahidi wahitimu wake wote wa sekondari masomo ya chuo cha umma cha miaka miwili bila ada. Kundi la kwanza liliingia vyuoni mwaka uliofuata, na fedha zilitoka kwenye akiba ya bahati nasibu ya jimbo. Majimbo mengi yamefuata njia hiyo tangu wakati huo, yakiwemo yanayotawaliwa na vyama vinavyopingana karibu katika kila jambo. Nayaunga mkono. Lakini jimbo linalofuta ada na kuishia hapo hugawa fedha nyingi kwa waliokuwa wamekaribia kuimudu, na mtoto wa fukara hubaki na mzigo uleule uliokuwa ukimwangusha tangu zamani.

Ili kuliona hilo, inabidi kufuatilia nani anatangulia kulipa. Serikali kuu ya Marekani hutoa ruzuku iitwayo Pell kwa wanafunzi wa kipato cha chini. Hairudishwi, na kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2023/24 kilikuwa dola 7,395. Tennessee hulipa mwisho: husubiri Pell na misaada mingine iingie kwanza, kisha huziba pengo la ada lililobaki. Katika vyuo vya miaka miwili vya jimbo hilo ada ya mwaka haifiki dola 6,000. Maana yake ni kwamba kijana anayepata Pell kamili ameshamaliza ada kabla jimbo halijafungua mkoba, kwa hiyo kutoka jimboni hapati hata senti. Mwenzake ambaye wazazi wana mishahara mizuri na hastahili Pell hulipiwa ada yote. Yule wa kwanza amebakiwa na salio la dola elfu mbili hivi, na kwa salio hilo anunue vitabu, ale, apande basi na achangie kodi ya nyumba mwaka mzima. Anatafuta kazi, zamu zinaongezeka, vipindi vinampita, na muhula wa pili haonekani darasani.

Haki itendeke: Tennessee ilipata jambo moja kubwa ambalo wataalamu wa bajeti hulidharau. Neno “bure” lilisikika. Mfumo wa misaada ya masomo Marekani umejaa fomu na masharti yanayomkatisha tamaa mzazi ambaye hakusoma chuo, na ahadi fupi inayoeleweka iliwafanya vijana wengi kujaribu. Idadi ya waliojiunga na vyuo mara baada ya sekondari ilipanda mwaka 2015. Kila mwanafunzi alipewa mshauri wa kujitolea na kutakiwa kufanya saa nane za kazi za jamii kila muhula. Baadaye jimbo lenyewe liliona upungufu nilioueleza, na mwaka 2021 likaidhinisha kwa majaribio ruzuku ndogo za kuwawezesha wenye shida kumaliza masomo.

New Mexico, mojawapo ya majimbo maskini nchini humo, iligeuza mpangilio mzima. Sheria aliyoisaini Gavana Michelle Lujan Grisham mwaka 2022 inaliweka jimbo mbele: linalipa ada kwanza, na Pell inabaki mikononi mwa mwanafunzi kwa ajili ya maisha. Wanaolazimika kusoma polepole hawakusahaulika, kwani hata mtu mzima mwenye kazi anayechukua krediti sita kwa muhula anastahili. Msomaji wa Tanzania atalielewa hili haraka, maana Bodi ya Mikopo hutoa fedha za chakula na malazi pamoja na ada, na kila aliyepita chuoni anajua hali inavyokuwa fedha hizo, yaani “boom”, zikichelewa. Tofauti ni kwamba Tanzania inakopesha.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote, kwa maoni yangu, unatoka New York. Chuo Kikuu cha Jiji, CUNY, kilianzisha mwaka 2007 programu iitwayo ASAP. Mwanafunzi hujaziwa pengo la ada, hupewa kadi ya usafiri ya kila mwezi, msaada wa vitabu na mshauri anayemfahamu kwa jina kwa sababu hana wanafunzi wengi mno. Naye hutakiwa kusoma muda wote na kuhudhuria vikao vya ushauri. Shirika la utafiti la MDRC lililinganisha makundi mawili yaliyogawanywa kwa kura: baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya walio kwenye programu walikuwa wamehitimu, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao. Programu hiyo ilipopelekwa Ohio, uhitimu ulikaribia tena kuongezeka maradufu.

Wapinzani husema gharama haibebeki. Ni kweli kwamba ASAP ilitumia zaidi ya dola 16,000 za ziada kwa kila mwanafunzi katika miaka mitatu. Lakini waliohitimu walikuwa wengi kiasi kwamba gharama ya kila shahada moja ilishuka. Ghali ni kumlipia kijana mwaka mmoja kisha akaacha. Wengine husema cha bure hakithaminiwi, ilhali programu hizi zote zina masharti ambayo mwanafunzi lazima ayatimize. Pingamizi ninaloliona zito ni la chanzo cha fedha: bajeti ya New Mexico inategemea sana mafuta na gesi, na baada ya msukosuko wa kiuchumi wa 2008 majimbo mengi yalikata fedha za vyuo kwa kiasi kikubwa. Ahadi isiyo na mfuko wake maalumu itavunjwa bei ya mafuta ikianguka, na hapo wabunge wa jimbo hawana jibu zaidi ya kuweka akiba wakati wa neema.

Kwa familia nyingi za wazungumzaji wa Kiswahili zilizohamia Marekani, wakiwemo wakimbizi kutoka Kongo, haya ni mambo ya meza ya nyumbani. Mjazieni mtoto mapema FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kwa kuwa bila hiyo Pell haipatikani na ahadi nyingi za majimbo hazifunguki. Kisha muulizeni ofisa wa chuo swali hili: jimbo linalipa kabla ya Pell au baada yake?