Eropleni Inapopinduka Hewani

Watu wa Morogoro wamekwisha kuzoea kuona eropleni zikipita kando ya milima ya Uluguru, na wale wa upande wa Ngerengere wazijua za jeshi pia. Lakini yako maonyesho ambayo rubani hapiti tu, bali huipindua eropleni yake hewani ili kuwafurahisha watazamaji. Pengine mchezo huo huleta msiba. Twapenda kueleza sababu yake, maana habari hii yawahusu hata wale ambao hawakwenda kutazama.

Eropleni hubebwa na hewa ipitayo juu na chini ya mabawa yake. Mwendo ukipungua mno, au pua ikiinuliwa kupita kiasi, hewa haifuati tena mgongo wa bawa, wala bawa haliwezi kubeba. Basi eropleni yaweza kuanguka hali injini yake ni nzima kabisa. Dawa yake ni kuishusha pua ili mwendo urudi. Lakini dawa hiyo hugharimu urefu. Rubani aliye juu sana anayo akiba. Aliye karibu na ardhi hana.

Ndivyo ilivyotokea Nairobi tarehe 12 Machi 1928. Bibi Maia Carberry, mmoja wa wanawake wa kwanza kurusha eropleni katika Kenya, alikuwa akimfundisha mwanafunzi. Eropleni yao ndogo ikaanza kuanguka huku ikizunguka kama tiara iliyokatika uzi, na ardhi ilikuwa karibu. Wote wawili wakafa.

Katika maonyesho hatari huzidi, kwa kuwa rubani hupenda watu wamwone vizuri, naye hushuka chini. Tarehe 22 Agosti 2015, huko Shoreham, Uingereza, eropleni ya zamani ya vita iitwayo Hawker Hunter ilipanda ili kuchora duara wima hewani. Yampasa rubani awe na nafasi ya kutosha kileleni mwa duara, maana nusu ya pili yote ni kuteremka. Wachunguzi wa serikali walieleza katika mwaka 2017 kwamba kileleni ilikuwa yapata futi 2,700, na ilitakiwa isipungue futi 3,500. Ikaangukia barabara kuu. Watu 11 wakafa, na hapana hata mmoja wao aliyekuwa ndani ya uwanja: wote walikuwa barabarani au kando yake, na wengine walikuwa wasafiri tu. Rubani mwenyewe aliokoka. Baada ya siku chache wenye mamlaka wakakataza eropleni za namna hiyo kupinduka juu ya nchi kavu.

Na tuitazame nchi yetu wenyewe. Shoreham iko pwani, lakini mji wa Morogoro uko yapata futi 1,700 juu ya bahari, na vilele vya Uluguru vyapita futi 8,000. Saa ya urefu iliyo mbele ya rubani, ikiwa imepangwa kwa kipimo cha bahari, ikisoma 3,500 juu ya mji, nafasi iliyo chini yake ni futi 1,800 tu. Akielekea milimani, nafasi hiyo huisha upesi, hata ikiwa saa haikubadilika.

Kwa hiyo, maonyesho yakifanywa mahali po pote, wakubwa wa mahali wasiangalie uwanja peke yake. Waulize pia eropleni itapita juu ya nini: barabara, soko, shule au mashamba yenye watu. Walimu wawafundishe watoto kusimama pale walipoonyeshwa, wala wasikimbilie barabarani kutafuta mahali pazuri pa kutazama. Na eropleni ikianguka, watu wasio na kazi ya uokoaji wasiisogelee, kwa kuwa mafuta yake huwaka ghafula, na viti vya eropleni nyingi za vita vina baruti ya kumrusha rubani nje, ambayo yaweza kulipuka hata baada ya kuanguka.