Kosa la TikTok ni Kuwa ya Wachina

Katika wiki moja ya Aprili 2024, Rais Joe Biden wa Marekani alitia saini sheria mbili ambazo ni nadra kutajwa pamoja, ingawa kila moja inaifafanua mwenzake. Ya kwanza, aliyoitia saini tarehe 20, iliongeza kwa miaka miwili uhai wa Kifungu cha 702 cha sheria ya upelelezi wa nje. Kifungu hicho kinaviruhusu vyombo vya usalama vya Marekani kuyalazimisha makampuni ya nchi hiyo yatoe mawasiliano ya watu wasio raia walio nje ya nchi, bila hakimu kutoa kibali kwa kila anayelengwa. Ya pili, siku nne baadaye, iliipa kampuni ya ByteDance ya Beijing hadi tarehe 19 Januari 2025 iwe imeiuza TikTok ya Marekani, la sivyo programu hiyo iondolewe kwenye maduka ya mtandaoni ya Apple na Google. Sababu kubwa iliyotolewa kwa sheria ya pili ilikuwa kwamba serikali ya China inaweza kuilazimisha kampuni yake itoe taarifa za watumiaji walio ng'ambo, yaani jambo lile lile ambalo sheria ya kwanza inaliruhusu. Katika mjadala wa Kifungu cha 702, wajumbe wa Baraza la Wawakilishi walipigia kura pendekezo la kuwataka maofisa wa usalama wapate kibali cha mahakama kabla ya kupekua hata mawasiliano ya Wamarekani wenyewe yaliyonaswa humo. Kura zilifungana, 212 kwa 212, na pendekezo likaanguka. Muswada wa TikTok ulipopigiwa kura peke yake mwezi mmoja kabla, 352 waliunga mkono na 65 tu wakapinga.

Ieleweke kwamba hofu ya Wamarekani kuhusu TikTok si ya kubuni. Sheria ya ujasusi ambayo China iliipitisha mwaka 2017 inaitaka kila taasisi na kila raia kushirikiana na vyombo vya upelelezi vya taifa, na hakuna kampuni ya Beijing inayoweza kuvishitaki vyombo hivyo mahakamani ikatarajia kushinda. Desemba 2022 ByteDance yenyewe ilikiri kwamba wafanyakazi wake walichungulia taarifa za waandishi wa habari waliotumia TikTok, ili kubaini ni nani ndani ya kampuni aliyekuwa akiwavujishia siri. Waliohusika walifukuzwa, lakini tukio lilionyesha kuwa mlango upo na unafunguka. Anayedai kwamba kisa chote hiki ni chuki dhidi ya Wachina ana kazi ya kuueleza ukweli huo. Mimi sidai hivyo. Ninachodai ni kwamba serikali ya Marekani iliutambua ugonjwa sawasawa, kwa kuwa inaujua kutoka ndani, kisha ikachagua dawa inayouacha ugonjwa wenyewe na kumbadilisha mganga tu.

Inaujua kutoka ndani kwa maana halisi kabisa. Mwaka 2013 Edward Snowden alitoa nyaraka za Shirika la Usalama wa Taifa, NSA, zilizofichua mpango ulioitwa PRISM, ambao kwao shirika hilo lilikuwa likipata mawasiliano ya wateja wa Microsoft, Yahoo, Google, Facebook na Apple. Msingi wa kisheria wa mpango huo ulikuwa Kifungu cha 702. Tena kuna njia nyepesi zaidi, isiyohitaji hata kifungu cha sheria, nayo ni kununua. Mtu akipakua programu ya bure ya hali ya hewa au mchezo wa simu, akabonyeza kukubali inapoomba kujua alipo, taarifa hiyo haibaki kwa mtengenezaji. Inaweza kuuzwa kwa dalali wa data, kampuni ambayo mwenye simu hajawahi kuisikia, ambaye huiunganisha na nyingine za mamilioni ya watu na kuuza jumla: nani alilala wapi, alipita zahanati gani, alisali wapi. Januari 2024 Seneta Ron Wyden alitoa hadharani nyaraka zilizothibitisha kuwa NSA ilikuwa ikinunua rekodi za matumizi ya intaneti ya Wamarekani, bila kibali cha mahakama, kwa sababu kitu kinachouzwa sokoni hakihitaji kibali. Kwa haki, Bunge lilipoipitisha sheria ya TikTok lilipitisha pia nyingine inayowakataza madalali hao kuwauzia China na mahasimu wengine taarifa nyeti. Lakini soko lenyewe halikufungwa. Aliyekatazwa kununua ni mteja fulani tu.

Mwaka 2022 ulikuwapo muswada ambao ungelibana soko hilo kwa wote, wa nyumbani na wa nje. Ulipita kwenye kamati ya Baraza la Wawakilishi kwa kura 53 dhidi ya 2, jambo ambalo katika siasa za Washington za leo ni kama muujiza, kisha ukafia njiani bila kufika mbele ya Baraza zima. Mpaka sasa Marekani haina sheria moja ya shirikisho inayolinda taarifa binafsi kwa ujumla. Kenya na Uganda zimekuwa nayo tangu 2019, na Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2022. Unaweza kuuliza maswali mengi kuhusu utekelezaji wa sheria hizo zetu, na yote yatakuwa ya haki, ila zipo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatoka Ireland, ambako makampuni mengi ya mitandao yameweka makao yao ya Ulaya, na kwa hiyo ndiko yanakosimamiwa kwa niaba ya Umoja wa Ulaya. Mei 2023 mdhibiti wa taarifa binafsi wa nchi hiyo aliitoza Meta, yenye Facebook, faini ya euro bilioni 1.2. Kosa lake lilikuwa kuhamishia taarifa za Wazungu Marekani, mahali ambapo sheria za upelelezi haziwapi ulinzi wa kutosha. Miaka miwili baadaye, Mei 2025, mdhibiti huyo huyo, kwa sheria ile ile, aliitoza TikTok euro milioni 530 kwa kuruhusu taarifa za Wazungu zifikiwe kutoka China bila ulinzi wa kutosha. Kosa ni moja, na aliyetozwa faini kubwa zaidi ni Mmarekani. Mdhibiti huyu hakuuliza kampuni ni ya nani. Aliuliza taarifa zinakwenda wapi na huko ziendako ni nani anaweza kuzishika. Washington ililiruka swali hilo kwa sababu jibu lake lingeanzia kwa makampuni yake yenyewe. Hata Mahakama ya Juu ya Marekani, ilipoiidhinisha sheria ya TikTok kwa kauli moja tarehe 17 Januari 2025, ilikiri kwamba kukusanya taarifa za watu ni desturi ya kawaida ya zama hizi za kidijitali. Kilichoitofautisha TikTok, kwa maelezo ya majaji, ni ukubwa wake, wingi wa taarifa nyeti inazozoa kutoka kwa watumiaji milioni 170 wa nchi hiyo, na uwezekano wa kudhibitiwa na hasimu wa kigeni.

Wapo watakaosema kwamba taarifa ni sehemu tu ya hoja, kwamba hatari kubwa ni ule utaratibu wa kompyuta unaoamua mtazamaji aone video gani baada ya ipi. Serikali inayoushika utaratibu huo inaweza kupunguza video za jambo fulani na kuzidisha za jingine, na mtazamaji asijue kamwe kilichofichwa. Hoja hii ina uzito, na wabunge wengi waliitumia. Ila aliyeitoa hana mikono misafi. Mwaka 2024 shirika la habari la Reuters lilifichua kwamba kuanzia 2020 jeshi la Marekani liliendesha kampeni ya siri mitandaoni nchini Ufilipino, kwa akaunti bandia zilizojifanya za wananchi wa kawaida, kuwatia watu shaka juu ya chanjo ya UVIKO-19 iliyotengenezwa China. Hapo watu walikuwa wakifa. Wizara ya Ulinzi haikukana kwamba kampeni ilikuwapo. Sasa kama kuiingilia akili ya raia wa nchi nyingine kupitia simu yake ni uadui, basi ni uadui huko Manila kama ulivyo Ohio.

Pingamizi la pili ni jepesi zaidi, nalo husemwa kwa sauti kubwa: China yenyewe imezifungia Facebook na Twitter tangu 2009, na hata TikTok haipatikani huko, kwani Wachina wana toleo lao, Douyin. Kweli tupu, na malalamiko ya Beijing kuhusu biashara huria yanachekesha. Lakini Marekani haijawahi kusema inataka kuwa kama China. Januari 2010 Hillary Clinton, akiwa waziri wa mambo ya nje, alisimama Washington akatangaza uhuru wa intaneti kuwa sehemu ya sera ya nje ya nchi yake, akazilaumu nchi zinazoweka kuta mtandaoni. Anayejitetea kwa kusema jirani yake naye hufanya vivyo hivyo ameshaiacha hotuba ile. Kuna tofauti ya kweli, siikatai: Marekani kuna mahakama. Majaji waliizuia amri ya Donald Trump ya kuipiga marufuku TikTok mwaka 2020, na jaji mwingine akaizuia marufuku ya jimbo la Montana mwaka 2023. Jambo la namna hiyo halifikiriki Beijing. Hata hivyo mahakama hizo humlinda aliye ndani ya uzio. Msomaji wa Mwanza au Mombasa anayetumia WhatsApp, inayomilikiwa na Meta, ni mgeni aliye nje ya nchi, yaani hasa yule ambaye Kifungu cha 702 kiliandikwa kwa ajili yake.

Na kama hatari ilikuwa ya dharura kiasi kile, wanasiasa wenyewe walikuwa na njia ya ajabu ya kuiogopa. Kampeni ya Biden ilifungua akaunti ya TikTok Februari 2024, ikaendelea kuitumia hata baada ya mgombea wao kutia saini. Trump, aliyetaka kuifuta mwaka 2020, aligeuka Machi 2024 akisema kuifunga kungeinufaisha Facebook tu, na Juni akajiunga. Programu ilizimika kwa saa chache tu usiku wa tarehe 18 Januari 2025, na Trump alipoapishwa siku mbili baadaye alitoa amri ya kutoitekeleza sheria kwa siku 75. Sheria ilikuwa imeruhusu nyongeza moja tu ya siku 90, tena kwa masharti. Yeye aliahirisha mwaka mzima, amri juu ya amri, na Agosti 2025 Ikulu yake ikafungua akaunti humo humo. Sheria iliyopitishwa na Bunge na kuidhinishwa na Mahakama ya Juu ikawa inangoja biashara ikamilike.

Biashara yenyewe ilikamilika Januari 2026. TikTok ya Marekani ikawa kampuni mpya ambayo Oracle, Silver Lake na MGX kila moja ina asilimia 15, na ByteDance imebaki na asilimia 19.9, chini kidogo tu ya kiwango ambacho sheria iliweka. MGX ni mfuko wa uwekezaji wa Abu Dhabi, na mwenyekiti wake, Sheikh Tahnoon bin Zayed, ndiye mshauri wa usalama wa taifa wa Umoja wa Falme za Kiarabu. Kwa hiyo mwisho wa vita vya kuwaondoa wageni wenye uhusiano na ujasusi ni hisa mikononi mwa mfuko unaoongozwa na mkuu wa usalama wa nchi ya kigeni. Tofauti ni kwamba huyu ni rafiki.

Huku kwetu mambo haya yana wasikilizaji makini. Nigeria ilipoifungia Twitter Juni 2021, baada ya ujumbe wa Rais Buhari kufutwa, serikali ya Marekani ililaani hadharani, na Trump, ambaye wakati huo Twitter ilikuwa imemfukuza, akaipongeza Nigeria. Uganda iliifungia Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, baada ya kampuni hiyo kufuta akaunti zilizohusishwa na wizara ya serikali. Tanzania ilizuia X Mei 2025, na waziri akataja picha za ngono. Kila moja ya serikali hizi sasa ina jibu la mkato kwa balozi atakayekuja kulalamika, na linatosha kumnyamazisha balozi ingawa halimfai raia aliyefungiwa. Njia ya Ireland nayo imeshajaribiwa hapa: Worldcoin, mradi wenye asili ya Marekani uliokuwa ukipiga picha mboni za Wakenya kwa malipo, ulisimamishwa mwaka 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ikaamuru picha zilizokusanywa zifutwe. Hakuna aliyelazimishwa kuuza hisa. Kampuni mpya ya TikTok, kwa upande wake, inawahusu watumiaji walio Marekani peke yao. Kijana wa Temeke anayepakia video usiku huu bado yuko kwa ByteDance, na akimtumia mwenzake video hiyo kwa WhatsApp, yuko pia kwa Meta.