Hata na helmeti, kichwa si silaha

Kama wewe hufuata raga, unajua tackle ikitua kichwani kwa mpinzani, kuna kadi nyekundu hapo karibu. Sasa jiulize: kwenye futiboli ya Marekani, ambako kila mtu amevaa helmeti, adhabu kama hiyo ni ya nini? Si kichwa tayari kimekingwa?

Hapo ndipo wengi hupotea. Helmeti husaidia fuvu lisipasuke, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani yake. Tena ukiivaa unajiona chuma, unaanza kutumia kichwa kama nyundo.

Vyuo vikuu vya Marekani vimepambana na tabia hii kitambo. Mwaka 1976, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilipiga marufuku kumvamia mpinzani kwa kutanguliza kichwa, manake vijana walikuwa wakivunjika shingo na kupooza. Mwaka 2008 ikaja sheria dhidi ya kulenga kichwa, adhabu ikiwa timu kurudishwa yadi 15. Ila yadi 15 hulipwa na timu nzima. Kuanzia 2013, aliyegonga mwenyewe anatimuliwa.

Makosa ni ya aina mbili. Moja, kumgonga mtu yeyote kwa nguvu ukitumia utosi wa helmeti. Mbili, kumgonga kwa nguvu kichwani au shingoni mtu asiyeweza kujikinga, kama yule anayedaka mpira hewani. Video hukaguliwa, kama VAR. Ikithibitisha, uko nje. Na kwa miaka mingi, kosa likitokea kipindi cha pili, ulikosa pia kipindi cha kwanza cha mechi iliyofuata.

Hapo ndipo moto huwaka. Oktoba 2018, Devin White, nyota wa ulinzi wa LSU, alimgonga Nick Fitzgerald wa Mississippi State muda mfupi tu baada ya Fitzgerald kuachilia mpira. Ilikuwa robo ya nne. Mechi iliyofuata? Alabama, mahasimu wakubwa! Mashabiki wa LSU walichemka, wakidai kijana ameonewa, hata mabango yakawekwa barabarani. White alikosa kipindi cha kwanza. Kufikia mapumziko Alabama waliongoza 16-0, wakamaliza 29-0.

Unaweza kusema, "Lakini hakukusudia!" Sawa, ila refa hawezi kusoma moyo wa mtu. Anasoma mwili: umeinamisha kichwa? Umeruka kumfuata? Na ni kweli marefa hukosea. Ndiyo maana sheria imerekebishwa mara kadhaa. Tangu 2019, video isipothibitisha kosa kikamilifu, mchezaji harudi benchi, anaendelea kucheza.

Mbona basi wasiiondoe tu? Mwaka 2017, watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya kuchunguza ubongo wa wachezaji waliofariki. Kati ya 53 waliofikia kiwango cha chuo, 48 walikuwa na CTE, ugonjwa unaoharibu ubongo polepole na unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Usidhani hiyo ndiyo hali ya kila mchezaji. Ubongo huo ulitolewa kwa hiari, na familia nyingi huenda tayari zilikuwa zimeona dalili. Lakini ni onyo tosha. Na hata mapigo madogo madogo, yasiyo na adhabu, hujumlika.

White hakuharibikiwa na zile dakika 30. Mwaka 2019 alichaguliwa wa tano kwa jumla kuingia NFL, na Februari 2021 akatwaa Super Bowl na Tampa Bay. Shingo ikivunjika, hakuna mechi ijayo ya kukosa.

Kwa hivyo wewe unayecheza raga wikendi, bila hata helmeti, shika hili: kichwa juu, macho kwa unayemkaba, tackle kwa bega na mikono. Unamlinda mwenzako, na wewe mwenyewe pia. Shingo ya anayegonga ndiyo mara nyingi huumia kwanza.