Kikundi Chenu Kinahitaji Programa, au Daftari Safi?

Kikundi kikizoea kupokea pesa kwa simu, haipiti muda kabla mtu hajasimama mkutanoni na kusema, "Tufungue tovuti." Mara nyingi ni kijana aliyerudi kutoka Nairobi, au ni mwanachama aliye Mombasa anayetaka kujua mchango wake ulienda wapi. Wazo lenyewe si baya. Kasheshe huanza na sentensi inayofuata: "Kuna programa ninamjua, anaitisha elfu tisini tu."

Elfu tisini, kwa kikundi cha nyumba 180, ni shilingi 500 kwa kila nyumba. Pale Zombe, Kitui Mashariki, pesa hiyo ina kazi nyingi zinazoingoja: bomba, saruji ya kioski cha maji, fundi wa pampu. Ukambani watu wamejenga mabwawa ya mchanga na kuchimba silanga kwa mwethya, kila nyumba ikitoa mikono yake, na kila mtu anajua nani alikuja na nani hakuja. Kikundi chenye desturi hiyo hakikubali kwa urahisi kulipia kitu kisichoshikika, na sisi tunaona kina haki. Kwa hivyo tuongee wazi: ni wakati gani programa anafaa kuitwa, na ni wakati gani mnafaa kumwambia asubiri kwanza?

Kutangaza si kuhesabu

Vikundi vikisema "tovuti" huwa vinamaanisha vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni kutangaza: sisi ni nani, tunafanya nini, mkutano ni lini, picha za silanga kabla ya mvua na baada ya mvua. Kwa kazi hii hamhitaji programa. WordPress ipo tangu 2003, programu yenyewe ni ya bure, na kijana mwenye subira anaweza kupanga kurasa nne kwa wikendi moja. Mtalipia jina la tovuti kila mwaka na mahali inapokaa, basi. Ukurasa wa Facebook hauhitaji hata hayo.

Cha pili ni kuhesabu: nani amelipa, nani bado, salio ni ngapi, na mwanachama ajionee mwenyewe bila kumpigia mweka hazina simu saa nne usiku. Hapa ndipo programa huingia. Lakini hata hapa kuna hatua ambayo watu huiruka, na tukisema ukweli, hiyo hatua ndiyo nusu ya makala haya.

Ni ile sehemu ya "namba ya akaunti" kwenye Paybill. Till haina sehemu hiyo. Paybill inayo, na ikiwa ni Paybill yenu wenyewe, si ile ya benki, mlipaji anaweza kuandika humo chochote mlichokubaliana. Mpeni kila nyumba namba yake. Tuseme nyumba fulani ni 14: ikilipia maji inaandika MAJI14, ikichangia karo inaandika KARO14. Mwisho wa mwezi, aliyepewa ruhusa anapakua taarifa ya malipo, anaifungua kwa Excel, anaipanga kwa safu ya akaunti, na MAJI14 zote zinakaa pamoja. Aliyelipa anaweza kuwa mama mwenyewe, mtoto aliye Mombasa, au jirani aliyeombwa. Haijalishi, kwa sababu namba ni ya nyumba, si ya simu.

Jambo hili lina uzito zaidi siku hizi kwa kuwa tarakimu za simu ya mlipaji mara nyingi hufichwa kwenye taarifa ili kulinda faragha yake. Kikundi kilichozoea kuwatambua watu kwa namba za simu hukwama hapo, kisha kinarudi kwa ule mtindo wa kuforwadi ujumbe wa malipo kwenye WhatsApp kama ushahidi. Msiurudie. Ujumbe wa kuforwadi unaweza kuhaririwa na mtu yeyote mwenye vidole. Malipo yaliyo kwenye taarifa ya Paybill ndiyo malipo, na yasiyokuwepo hayapo.

Miezi ya kwanza watu watakosea. Mwingine ataandika jina lake, mwingine ataandika "maji" bila namba, mwingine MAJI 14 yenye nafasi katikati. (Na tafadhali msitumie M014. Sifuri na herufi O zimegombanisha vikundi vingi vya watu wanaopendana.) Kosa la namna hii programa hawezi kuwaondolea. Tovuti itapokea MO14 na kusema haiijui nyumba hiyo, wakati mweka hazina angecheka na kuirekebisha kwa sekunde moja. Kwa hivyo watu wazoee namba zao kwanza, ndipo mashine ije.

Sasa hesabu. Nyumba 180 zikilipa mara moja kwa mwezi, na mweka hazina akitumia dakika mbili kwa kila malipo kuyaandika na kuyahakikisha, hizo ni saa sita kwa mwezi. Jioni tatu. Kulipa elfu tisini, pamoja na ada ya kila mwaka, ili kumwondolea mtu jioni tatu, hapana. Afadhali mumpe mweka hazina posho kidogo na asante.

Lakini tuseme nyumba hizo hizo zinanunua maji kwenye kioski kwa simu, mara tatu kwa wiki. Malipo yanafika 2,340 kwa mwezi. Kwa dakika mbili kila moja, ni saa 78, karibu wiki mbili nzima za kazi ya ofisi. Hakuna mkulima wa ndengu mwenye wiki mbili za kukaa na Excel, hasa mvua ya Novemba ikianza. Hapo daftari litaanza kuchelewa, salio la kubahatisha litaanza kusomwa mkutanoni, na watu wataanza kunong'ona. Kikundi hufa kwa minong'ono hiyo hata kama hakuna aliyeiba shilingi. Hapo mwiteni programa, tena haraka.

Mfano kutoka Kyuso

Kitui yenyewe ina mfano mzuri wa teknolojia iliyoitwa kwa wakati wake, upande wa kaskazini, Kyuso. Mwaka wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vidogo kwenye pampu za mkono. Kifaa kilifuatilia mpini ukipanda na kushuka, kisha kikatuma habari kwa SMS. Pampu ikinyamaza, fundi alijua bila kungoja mtu atembee hadi sokoni kumtafuta. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 hivi bila kutengenezwa. Wakati wa jaribio ilishuka hadi chini ya siku 3. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa FundiFix, inayotunza pampu Kitui na Kwale, ambapo jamii hulipa ada ndogo ya kawaida badala ya kuchangishana kwa fujo kila pampu ikikatika.

Tunaupenda mfano huu kwa sababu mbili. Shida ilikuwa imepimwa: siku 27, si "pampu zinatusumbua". Na programu peke yake haikutengeneza pampu hata moja. Ilimwambia fundi mwenye spana na pikipiki aende wapi. Kama fundi hangekuwepo, SMS zingekuwa habari mbaya zinazofika mapema tu.

Kuna mfano mwingine ambao haukuwa na nafasi ya kupima chochote. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh alikuwa akichapisha kwenye tovuti yake habari za ghasia ambazo watu walimtumia kutoka pande zote za nchi. Zikamzidi. Mapema Januari 2008 akaomba mafundi wa kompyuta wamsaidie kuziweka kwenye ramani. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine wakaingia, na Ushahidi ikawa hewani ndani ya siku chache. Hata kwa haraka ile, kazi ilikuwa tayari inafanyika kwa mkono. Programa walikuta foleni ndefu ya habari ikiwangoja. Hawakujenga tovuti halafu wakaanza kutafuta watu wa kuijaza, kama tunavyoona ikifanywa mara kwa mara.

Kwa hivyo kipimo chetu ni sentensi moja. Mkiweza kumwambia programa, "Kila malipo ya kioski yaingie kwenye hesabu ya nyumba ndani ya dakika moja, na nyumba ipate SMS ya salio," basi mna kazi ya kumpa, na yeye anaweza kuitajia bei. Mkimwambia, "Tunataka tovuti ya kisasa," atawajengea kitu cha kisasa. Hamtajua kama amemaliza, na yeye pia hatajua.

Tumetaja SMS kwa makusudi. Wenye kabambe hawataifungua tovuti hata iwe nzuri vipi. Kama nusu ya wanachama hawana simu janja, mwambieni programa tangu siku ya kwanza, maana ni kazi nyingine na bei nyingine.

Mkimwita, shikeni funguo wenyewe

Swali la kwanza la kumuuliza si kuhusu rangi wala picha. Muulizeni: "Mtu akilipa na mtandao ukakatika katikati, inakuwaje?" Hili hutokea, na huku linatokea sana. Pesa inaingia kwenye Paybill, lakini ujumbe wa kuiarifu tovuti unapotea njiani kwa sababu seva ililala. Tovuti inasema hujalipa. Mama wa watu analipa tena. Programa mzuri atawaeleza vile tovuti itakavyorudi kuuliza, au vile mweka hazina atakavyolinganisha na taarifa kila jioni. Akiwaambia kwamba haiwezi kutokea, mshukuruni kwa muda wake.

La pili ni ruhusa. Tangu 2017 Safaricom ina mlango uitwao Daraja, ambapo programu ya kikundi inaweza kuzungumza na M-Pesa moja kwa moja. Unakuja na uwanja wa majaribio, kwa hivyo programa anaweza kujaribu kazi yake bila kugusa pesa ya mtu. Akiwa tayari, atahitaji funguo za kupokea malipo. Hahitaji kabisa PIN ya mtu yeyote. Hahitaji nenosiri la mwenye kusimamia Paybill. Na tovuti inayopokea pesa haihitaji uwezo wa kutoa pesa: hiyo ni ruhusa tofauti, huombwa peke yake, na akiitaka aeleze mbele ya kamati ni ya nini. Mwanachama naye aambiwe hivi: PIN huandikwa kwenye kile kidirisha kinachoruka kwenye simu yako, kamwe si ndani ya tovuti.

Jina la tovuti liandikishwe kwa jina la kikundi, si la programa. Majina yanayoishia .or.ke yapo kwa mashirika yasiyo ya biashara. Tovuti nyingi za vikundi zilizokufa hazikuuawa na virusi. Programa alipata kazi Nairobi, akabadilisha laini, na ada ya mwaka ikaisha bila mtu kujua inalipwa wapi. Watu wawili wa kamati wawe na nenosiri, na likae pia kwenye karatasi, kwenye lile sanduku la cheti cha usajili.

Kuna pia majina ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavigusa vikundi vidogo pia. Ile orodha ya wadaiwa inayosomwa mkutanoni ikiwekwa kwenye tovuti iliyo wazi, dunia nzima inaisoma. Mwanachama aone hesabu yake, na jumla ya kikundi ionekane na wote. Deni la jirani libaki kwa kamati.

Malipo ya programa yagawanywe mara tatu, kwa mkataba wa maandishi hata kama ni mpwa wa mwenyekiti, na hasa kama ni mpwa wa mwenyekiti. Sehemu ya kwanza akianza. Ya pili tovuti ikipokea malipo halisi ya nyumba tano au kumi za majaribio. Ya mwisho ilipwe baada ya mwezi mzima ambapo mweka hazina ameendelea kuandika daftari lake kama kawaida, akaliweka kando ya tovuti, na hesabu mbili zikalingana hadi shilingi ya mwisho. Zisipolingana, msimrukie programa mara moja. Fungueni taarifa ya Paybill na mtafute kwanza malipo yaliyokuja bila namba ya nyumba.