Kuvu isiyo na sumu yalinda mahindi, lakini kuyakausha ni lazima

MKULIMA wa Kisii au Nyamira anapovuna mahindi mwezi wa Julai au Agosti, aghalabu huwa anashindana na mvua. Asubuhi jua huwaka, alasiri mawingu hutanda, na mahindi yaliyoanikwa uani hurudishwa ndani kabla hayajakauka. Unyevu huo ndio unaoipa kuvu makao.

Baadhi ya kuvu hutoa sumu isiyoonekana kwa macho. Inayoogopwa zaidi ni aflatoksini, itokanayo na kuvu iitwayo aspajilasi. Moto wa kusongea ugali hauiangamizi. Ng'ombe akilishwa mahindi yenye sumu hiyo, sehemu yake huingia katika maziwa.

Mwaka wa 2004, watu 317 waliripotiwa kuugua nchini Kenya kutokana na sumu hiyo, na 125 kati yao wakafariki, wengi wakiwa wakazi wa Makueni na Kitui. Aidha, anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiweka katika hatari ya kupata saratani ya ini.

Hata hivyo, si kila aspajilasi hutoa sumu. Wanasayansi wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto (IITA) na wenzao wa Idara ya Kilimo ya Marekani, wakishirikiana na Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo nchini (KALRO), waliteua aina nne za kuvu hiyo zinazopatikana humu humu nchini, lakini zisizoweza kutengeneza aflatoksini. Kutokana nazo ilipatikana bidhaa ya Aflasafe KE01, iliyosajiliwa nchini mwaka wa 2015.

Kuvu hizo hupakwa juu ya punje za mtama uliokwisha kuuawa kwa joto ili usiote. Mkulima humaliza palizi kwanza, kisha hunyunyiza kilo nne za mtama huo kwa kila ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua. Udongo sharti uwe na unyevu, na mtama uachwe juu ya ardhi bila kufukiwa.

Baada ya siku chache, kuvu njema huota juu ya mtama na kusambaa shambani. Kwa kuwa imetangulia na ni nyingi, huchukua nafasi na chakula ambacho kuvu yenye sumu ingekitegemea. Mahindi yaliyokingwa hivyo huwa na aflatoksini iliyopungua kwa asilimia 80 au zaidi, na kinga hiyo huyafuata hadi ghalani.

Lakini kinga hiyo ina mipaka ambayo mkulima wa nyanda za juu hana budi kuifahamu. Aspajilasi hupenda joto na ukame, ndiyo maana maeneo ya Mashariki yaliumia zaidi. Baridi na mvua ya Gusii hufaa pia kuvu nyingine iitwayo fusari, ambayo huozesha gunzi lingali shambani, likawa na utando mweupe au wa waridi. Aina moja ya fusari hutoa sumu ya fumonisini, na Aflasafe haikutengenezwa kuizuia.

Kwa hivyo, kazi ya zamani haijaondoka. Mahindi yavunwe mara yanapokomaa, yaanikwe juu ya turubai wala si juu ya udongo, na magunzi yaliyooza yatengwe kabla ya kupukuchuliwa. Yasitiwe ghalani hadi unyevu wake ushuke kufikia asilimia 13.5 au chini yake, na magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Tahadhari hiyo yamhusu mnunuzi vilevile. Mashamba mengi ya Kisii na Nyamira ni madogo, na akiba inapokwisha, familia hutegemea mahindi ya sokoni yaliyotoka kwingine. Punje zilizoota ukungu zisipelekwe kinuni kusagwa, wala zisitupiwe kuku na ng'ombe, kwani sumu iliyomkwepa mtu katika ugali yaweza kumrudia katika maziwa.